Usiuze mbuzi kwa sababu video imekataa kufunguka

Leo hakuna video. Leo ni kusoma tu, na nimekasirika kidogo, mtanisamehe.

Simu yako haijazeeka. Naanza na hiyo kwa sababu najua kuna mtu hapa Lodwar ameambiwa leo asubuhi kwamba simu yake ni ya zamani, haiwezi "hizi video za siku hizi", na saa hii anahesabu mbuzi. Binamu yangu alikuwa kwa hiyo foleni mwezi jana. Alikuwa na flash yenye harusi ya dada yake mkubwa, ya mwaka 2009, imetolewa kwa DVD. Ndani ya hiyo harusi marehemu baba yake anasimama anabariki maharusi. Ni kama dakika nne hivi, na ndiyo sauti pekee ya mzee ambayo familia imebaki nayo. Akaenda kwa duka moja la simu, jamaa akachomeka flash, simu ikasema haiwezi kucheza faili hii, na jamaa akamwambia kwa upole kama daktari: ndugu yangu, hii simu imefika mwisho. Halafu akamwonyesha mpya kwa kioo.

Binamu akanipigia kuniuliza kama namjua mtu wa kununua mbuzi wanne. Nikamwambia lete simu kwanza. Dakika tano baadaye mzee alikuwa anaongea. Simu ilikuwa ile ile. Kilichoongezeka ni programu moja ya bure.

Kuna watu wataniambia huyo wa duka hakujua. Inawezekana. Lakini mtu anauza simu kila siku, mwaka baada ya mwaka, na hajui tofauti ya simu kushindwa na programu ya kuchezea video kushindwa? Huyo aniambie basi anauza nini. Na tukumbuke simu nyingi huku zilinunuliwa pole pole, kwa malipo ya kila siku, kama ule mpango wa Lipa Mdogo Mdogo ulioanza 2020. Unamwambia mtu simu imekufa na bado hajamaliza kuilipa!

Najua mtu wa Nairobi akisoma hapa atacheka. Ati unapigania programu ya kuchezea video? Yeye video yake inatoka YouTube, iko tayari, mtandao umeshamfanyia kazi yote ya fomati na hajui hata hilo neno fomati. Huku video inatembea kwa mkono. Bando ni ghali, na ukitoka mjini kidogo kuelekea Loima au Kibish, hata ukiwa na bando mtandao wenyewe unautafuta juu ya kilima. Kwa hivyo filamu inatoka duka la movie kwa flash, inaingia memori kadi, inatoka memori kadi inaenda kwa simu ya jirani kwa Bluetooth, inapanda Probox kutoka Lodwar mpaka Kakuma, kilomita kama 120, ndani ya mfuko wa shati. Njia nzima hakuna kompyuta ya Google ya kuisafisha. Inafika vile ilivyo. Ikiwa AVI, inafika AVI. Ikiwa imetoka kwa DVD ya harusi, inafika VOB. (Na kabla mtu aanze na mimi habari ya hakimiliki: najua, maduka mengi ya movie hayajaomba ruhusa kwa yeyote. Hiyo hoja tuiwekee siku yake. Leo naongea zaidi habari ya video zako mwenyewe.)

Halafu nenda Kakuma uone. Kambi imekuwa pale tangu 1992, Kalobeyei ikaongezwa 2016. Watu wametoka Sudan Kusini, Somalia, Congo, Burundi, Ethiopia, na kila mtu aliyekuja na simu alikuja na faili zake. Kuna vijana wa huko nimekaa nao, memori kadi moja ina 3GP iliyorekodiwa kwa simu ya vitufe miaka mingi nyuma, ina FLV iliyotolewa mtandaoni wakati huo, ina MKV ya juzi. Hiyo memori kadi ndiyo albamu ya familia. Nyumba imebaki upande ule wa mpaka, watu wengine wamebaki huko au wamekufa, na kilichobaki kinakaa kwa kitu kidogo kuliko ukucha. FilmAid walianza kazi Kakuma 2001, wakionyesha filamu usiku kwa skrini kubwa na baadaye kufundisha vijana kushika kamera, kwa hivyo kuna hata filamu zilizotengenezwa na watu wa kambi wenyewe zinazozunguka hivyo hivyo, simu kwa simu. Sasa mwambie mtu kama huyo "fomati haikubaliki" halafu uone sura yake.

Wacha nieleze kitu ambacho ukikielewa, hakuna fundi atakudanganya tena.

Fikiria lori linaloingia Kakuma. Nje unaona bodi ya lori, ndani kuna mzigo. Yale maandishi ya mwisho kwa jina la faili, MP4, MKV, AVI, ni bodi tu. Mzigo ni picha na sauti, na kila mojawapo imefungwa kwa njia yake, kama vile unga hufungwa kwa gunia na mafuta kwa mtungi. Njia ya kufunga na kufungua ndiyo inaitwa kodeki. Ndani ya MKV moja kunaweza kuwa na picha ya H.264, ambayo karibu kila simu inaijua, na MKV nyingine ikawa na picha ya H.265, ambayo simu ya bei nafuu inatoa jasho. Bodi ni moja, mzigo ni tofauti. Ndiyo maana rafiki yako anakuambia "mimi MKV zangu zinafunguka" na zako zinakataa, mnaanza kubishana bure, na nyote mko sawa.

Sasa programu inayokuja na simu, ile ya galeri, ni mlinzi wa geti aliyepewa orodha fupi. Akiona lori halimo kwa orodha, anafunga geti. Hata haangalii ndani. Orodha rasmi ya Google ya bodi ambazo Android inazijua yenyewe ina MP4, 3GP, MKV, WebM na nyingine kidogo. AVI haimo. FLV haimo. VOB ya DVD haimo. Lakini chip ya simu ina nguvu za kutosha kabisa kuonyesha hiyo AVI ya mwaka 2005! Picha ya DVD ni ndogo kuliko picha unayopiga wewe na hiyo simu yako leo. Anayekataa ni mlinzi. Gari linapita vizuri.

Kuna ile nyingine ya sauti. Video inafunguka, picha safi, watu wanasogeza midomo, kimya. Watu wengi hufikiri spika imeharibika, na kuna fundi atakubali kuifungua na kukulipisha. Hapo mara nyingi sauti imefungwa kwa AC3, EAC3 au DTS, ambazo ni sauti za sinema na DVD. Zilianza na leseni, yaani mwenye programu alitakiwa amlipe mwenye kodeki. MX Player, ambayo wengi wetu tumeitumia miaka mingi, iliziondoa kwa sababu ya hiyo leseni, ndiyo maana inakuandikia kwamba sauti ya EAC3 haikubaliki na unabaki unatazama mabubu. Video ya binamu yangu ilikuwa na yote mawili: bodi ya VOB na sauti ya AC3. Kama tungeishia kuifungua bila sauti, ile baraka ya mzee ingekuwa mtu anachezesha mkono tu.

Kwa hivyo nini? VLC. Ile ya koni ya machungwa, kama zile za barabarani. Wengi mnaijua kwa kompyuta ya saiba na hamjui iko kwa simu.

Ilianza 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale huko Paris. Walitaka mtandao wa kasi zaidi kwa bweni lao, wakatafuta sababu ya kuupata, na sababu ikawa kurusha video. Koni yenyewe inatokana na zile koni za barabarani ambazo wanafunzi walikuwa wakizikusanya. Naipenda hiyo hadithi kwa sababu kila bweni lina wanafunzi kama hao. Mwaka 2001 chuo kikakubali msimbo wake uwe huru kwa kila mtu kuusoma na kuubadilisha. Leo iko chini ya shirika lisilo la faida linaitwa VideoLAN, na Januari 2025 walitangaza kwamba imepakuliwa zaidi ya mara bilioni 6. Mkuu wao, Jean-Baptiste Kempf, amesema hadharani kwamba amekataa mamilioni ya euro kutoka kwa watu waliotaka kuweka matangazo ndani yake.

Na kwa nini wao wanaweza kuweka kila kodeki na wengine wanaogopa? Wako Ufaransa, na msimamo wao ni kwamba sheria ya huko haitambui hataza za programu za kompyuta. Basi. Wanabeba vifunguo vyote mfukoni, hawasubiri Android iwape ruhusa. AV1 ilipokuja 2018, fomati mpya ambayo simu ndogo zilikuwa haziiwezi, hao hao wakaandika kifunguo chepesi kinachoitwa dav1d ili chip za kawaida ziweze kupumua.

Hiyo ni programu moja. Sasa linganisha na uchafu unaoupata ukiandika "video player all format" kwa Play Store. Weh! Zinajazana kama nzi kwa nyama. Zote zina pembetatu ya kucheza, zote ni HD, zote ni 4K, zote ni "all format", na majina yanafanana mpaka huwezi kujua uliweka gani jana. Nyingi ndani yake ni ile ile galeri iliyovalishwa nguo nyingine, juu yake wamepakia matangazo. Unafungua video, tangazo. Unasimamisha uende ukateke maji, tangazo. Unarudi, tangazo la mchezo wa kamari linaimba kwa sauti mara mbili ya filamu, na mama yako ameketi hapo.

Watu huniambia "lakini ni bure". Bure ya nani? Hilo tangazo la video limeshuka kwa bando lako. Wewe umenunua data ya siku ili upate ujumbe wa kazi, na programu ya kuonyesha faili ambayo tayari iko kwa memori kadi inakula hiyo data kukuletea biashara ya mtu. Faili iko kwa simu! Haikuhitaji intaneti hata kidogo. Na chaji pia inaliwa, na chaji huku wengi tunailipia kwa kibanda cha sola, shilingi kwa shilingi.

Halafu ruhusa. Programu ya kuchezea video inakuomba iingie kwa majina na namba ulizohifadhi. Inakuomba mahali ulipo. Inataka kujua niko Kanamkemer au Napetet ndiyo inionyeshe harusi ya 2009? Tangu Android 13 programu inaweza kuomba video peke yake, bila picha, bila kitu kingine. Kwa hivyo anayeomba zaidi ya faili zako anataka kitu kingine, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ya hapa Kenya inasema wazi kwamba data ya mtu ichukuliwe ile tu inayohitajika kwa kazi yenyewe. Kwa mkimbizi hili ni zito zaidi. Kuna watu Kakuma wamekimbia watu wanaowatafuta, na orodha ya namba zao ni orodha ya jamaa waliobaki nyuma. Kuikabidhi kwa mtu asiyejulikana ili utazame filamu ya DJ Afro, hapana jameni.

VLC yenyewe nayo itakuomba iruhusiwe kuona faili zako. Hiyo iko sawa, ndiyo kazi yake. Namba zako haizitaki.

Sitasema VLC ni malaika. Sura yake ni ya kizamani kidogo, na kuna siku inachelewa kuorodhesha memori kadi kubwa. Lawama kubwa ninayosikia ni kwamba inachemsha simu, na hapo kuna ukweli nusu. Iko hivi: chip ya simu ina sehemu maalum ya kufungua kodeki fulani, haraka na bila kula chaji. Video ikiwa ya aina ambayo hiyo sehemu haiijui, kwa mfano H.265 yenye rangi za biti 10, basi akili ya kawaida ya simu inalazimika kupiga hesabu zote kwa nguvu, picha kwa picha. Inaweza, lakini inachoka. Ongeza jua la Lodwar saa nane mchana na simu inakuwa jiko. Galeri haichemshi kwa sababu haijafanya kazi, imekataa! Ni kama kumsifu kijana mvivu kwamba hajawahi kuumia shambani. Ndani ya setingi za VLC kuna mahali pa kuamua kama sehemu maalum ya chip itumike au la. Picha ikivunjika vunjika au ikiwa kijani, badilisha hapo kwanza. Bado ikikwama, tafuta nakala ya 720p. Kwa skrini ya mkono hutaona tofauti, nakuapia.

Kuna wengine wanaipenda MX Player kwa sababu vidole vimeizoea, unateleza kushoto mwangaza, kulia sauti. Sawa tu, ingawa VLC inafanya hivyo pia. MX ilikuwa programu ya heshima, mpaka kampuni ya Times Internet ya India ilipoinunua 2018 na kuigeuza pia kuwa mahali pa kuonyesha filamu mtandaoni. Faili yako mwenyewe ikawa mgeni ndani ya nyumba. Ukitaka nyepesi zaidi, kuna Next Player na mpv, zote msimbo wake uko wazi. Sina ugomvi na mtu wa hizo. Ugomvi wangu ni na hizo za matangazo na wanaozisambaza.

Kuna kijumba kimoja mjini wanachukua shilingi mia kwa kila video "kuibadilisha" ifunguke kwa simu. Nimesimama hapo nikaangalia. Anaingiza faili kwa kompyuta, anasubiri, inatoka MP4 yenye picha mbaya kuliko ilivyoingia, kwa sababu kila ukifungua na kufunga upya mzigo unapoteza kidogo. Mteja analipa mia kupunguziwa ubora wa harusi yake. Kuna wakati kubadilisha ni lazima, sikatai, kwa mfano unataka kuonyesha kwa TV ya zamani ya mzee. Lakini anza na programu. Na ile faili ya kwanza usiifute hata kama mtu amekuambia haina maana.

Sasa nageukia wenzangu, maana mkidhani nitawaacha mmekosea.

Sisi tunaotengeneza video. Unapiga harusi Lodwar na iPhone mpya, unamtumia bibi harusi MOV ya H.265, 4K, gigabaiti 6, halafu akikuambia haifunguki unamjibu "simu yako ndio shida". Kwanza hiyo faili haiwezi hata kuingia kwa memori kadi yake, kwa sababu kadi nyingi ndogo zimepangwa kwa mfumo wa FAT32 ambao haukubali faili moja kupita gigabaiti 4. Pili, yeye ndiye amekulipa! Kwa iPhone ingia setingi za kamera, sehemu ya fomati, uchague Most Compatible. Kwa kompyuta kuna HandBrake, bure pia: toa MP4, picha H.264, sauti AAC, 720p au 1080p. Hiyo inafunguka hata kwa mlinzi mwenye orodha fupi. Na ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, ambayo inabeba mpaka gigabaiti 2 bila kuguswa. Ukiituma kama video ya kawaida WhatsApp inaikamua mpaka nyuso zinakuwa uji.

Na mashirika. Mnafanya kazi nzuri, mnalipa watu kutengeneza video ya chanjo, ya maji, ya haki za mtoto. Halafu mnatengeneza faili tano tofauti, moja ya Kiswahili, moja ya Kisomali, moja ya Kiarabu, na ile ya Kiturkana mara nyingi inakuja mwisho au haiji kabisa, bajeti imeisha. Faili tano nzito zinazunguka kambini, mama wa Kakuma 2 anapata ile ya lugha asiyoijua, anaifuta. Kumbe bodi ya MKV, na hata MP4, inabeba sauti zaidi ya moja kwa picha moja. Sauti ni nyepesi ukilinganisha na picha. Faili moja, lugha tano, mtu anabonyeza anachagua yake, na maandishi ya chini yanaweza kuingia humo humo. VLC inaonyesha chaguo hizo zote. Galeri inaweza kukuchezea sauti ya kwanza na isikuambie kuna nyingine. Kwa hivyo ukisambaza video, sambaza na programu yake kwa flash hiyo hiyo. Mama wa Kiturkana nyuma ya mto Tarach na jirani yake Msomali wa kambini wanaweza kutazama kitu kimoja, kila mmoja kwa masikio yake, na gharama yenu inashuka.

Kuisambaza ni rahisi, na bando unalimaliza mara moja tu. Mtu mmoja mwenye mtandao mzuri aipakue, kutoka Play Store, au F-Droid, au tovuti ya VideoLAN yenyewe. Wengine wapokee kutoka kwake. Ndani ya Play Store kuna sehemu ya kutumiana programu simu kwa simu, bila intaneti, mkiwa mmekaa karibu. Ukichukua faili ya APK kwa tovuti yao, utaona aina kadhaa, zikiwemo arm64-v8a na armeabi-v7a. Simu nyingi ndogo za bei nafuu zinataka hiyo ya pili, kwa hivyo weka zote mbili kwa flash, moja ikikataa jaribu nyingine. Usichukue VLC kwa kila kundi la WhatsApp lenye "VLC Pro Gold Premium". Hakuna VLC ya dhahabu. Ukiona inaomba pesa au inaleta matangazo, hiyo koni ni ya kuiba.

Ukishaiweka, kuna mambo madogo yatakusaidia. Inaweza kupandisha sauti kupita asilimia 100, dawa ya zile hotuba za harusi ambapo maikrofoni ilikuwa mbali. Inaweza kucheza sauti huku skrini imezima, kwa hivyo mahubiri au somo la fizikia unasikiliza ukitembea na chaji inadumu. Maandishi ya chini ya aina ya SRT, yape jina lile lile la filamu na uyaweke folda moja, yatajitokeza yenyewe. Faili za DVD zikiwa VTS_01_1, VTS_01_2 na kuendelea, ni harusi moja imekatwa vipande, zifungue kwa mpangilio huo, usidhani umepewa nusu.

Nyinyi wa maduka, mnaweza kunijibu hapo chini, sitafuta. Lakini mkijibu semeni mna VLC kwa simu ngapi mlizouza wiki hii. Na wewe mwenye faili iliyokataa kila mahali, usinitumie faili yenyewe, bando langu pia ni la kununua. Ifungue kwa VLC, bonyeza taarifa za video, piga picha ya hapo panapoonyesha kodeki ya picha na ya sauti, unitumie hiyo picha. Nitajibu kila mmoja, wa Lodwar jioni, wa Kakuma na Kalobeyei nikija wikendi, na kwa hao nitabeba flash yenye APK zote mbili.